Mtaalamu anajibu: Gari linachemsha Kitonga, maji yanapungua, chini hakuna hata tone

Swali: "Habari za kazi mtaalamu. Nina Toyota Corolla ya mwaka 2004, injini 1NZ, gia otomatiki. Hapa Dar halina shida, hata kwenye foleni. Shida ni safari ya Iringa. Nikianza kupanda mlima Kitonga mshale wa joto unapanda karibu na H, nikizima AC unashuka kidogo. Kwenye chupa ya akiba ya maji ya rejeta naongeza kama nusu lita ya maji ya bomba kila wiki, lakini asubuhi nikiangalia chini ya gari sioni tone. Fundi wa kwanza alitoa thamostati, akasema ile ni ya nchi za baridi. Tangu hapo tatizo limezidi. Wa pili anasema gasketi ya hedi (kichwa cha injini) imeungua, tufungue injini. Rafiki yangu ananishauri nimwage dawa ya kuziba matundu. Safari ya mwisho mshale ulipanda ghafla hadi juu kabisa, halafu ukashuka wenyewe kabla sijasimama, nikaendelea. Nimsikilize nani? Mwisho wa mwezi naenda tena Iringa na familia."

Ndugu yangu, pole kwa usumbufu, na asante kwa kueleza kwa kina. Una mambo mawili hapo: gari linachemsha mlimani, na maji yanapotea. Mafundi wote wawili wamekimbilia la kwanza. Mimi ningeanza na la pili, kwa sababu mfumo wa kupoza injini umefungwa. Gari lisilo na ubovu halitakiwi kula maji. Injini yako inabeba kati ya lita 5 na 6 za kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, rejeta na mipira yake ikiwemo. Nusu lita kwa wiki ni lita mbili kwa mwezi, yaani zaidi ya theluthi moja ya maji yote. Hayo yamekwenda mahali, na mpaka tujue ni wapi, kufungua injini ni kubahatisha kwa pesa yako.

Lakini kabla ya hapo niseme juu ya ule mshale uliopanda na kushuka wenyewe, maana hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote uliyoandika. Wengi wakiona mshale umeshuka hushukuru Mungu na kukanyaga mafuta. Kipimo cha joto kimechomekwa ndani ya njia ya maji, na kinasoma sawasawa kikiwa kimezama kwenye maji. Maji yakipungua, hewa na mvuke vikajikusanya pale kilipo, kinaweza kusoma joto kali ghafla, kisha kikasoma chini, wakati chuma cha injini kinazidi kuungua. Kwa hiyo mshale ulioshuka bila wewe kufanya chochote usiuchukulie kama nafuu. Ni dalili kwamba maji ndani yamepungua kiasi cha kuacha nafasi ya hewa, na injini ya aluminiamu kama yako haivumilii hali hiyo kwa kilomita nyingi. Likikutokea tena, tafuta pa kuegesha.

Jingine kuhusu mshale huohuo: kwenye gari nyingi za Toyota umetengenezwa utulie katikati hata joto linapopanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, ili dereva asibabaike. Ukiuona umeondoka katikati, basi joto limeshapita mbali.

Sasa maji. Usidanganywe na sakafu kavu. Uvujaji mwingi hautokei gari likiwa limelala, hutokea injini ikiwa ya moto na mfumo una presha. Tone likidondokea kwenye eksozi au kwenye ubavu wa injini linakauka hapohapo, na feni inapeperusha mvuke. Mengine hudakwa na kava ya plastiki ya chini, kama bado gari lako linayo. Ukiamka asubuhi kila kitu ni kikavu, na chupa imepungua.

Kinachobaki ni alama. Kulanti ikikauka huacha chumvi, ukoko mweupe, wa pinki au wa kijani kulingana na ulichokuwa unatumia, na maji ya bomba huacha weupe na kutu. Chukua tochi injini ikiwa ya baridi. Angalia rejeta pale plastiki ya juu na ya chini inapobanwa na meno ya aluminiamu. Plastiki ile huzeeka, na kwa gari la umri huo mshono huo ndio mahali pa kwanza pa kushuku. Angalia ncha za mipira mikubwa, pale klipu inapobana.

Kisha nenda kwenye pampu ya maji, upande wa mkanda. Chini ya ekseli ya pampu kuna kitundu kidogo kilichowekwa kiwandani makusudi: sili ya ndani ikianza kuchoka, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Pitisha kidole chini yake. Ukikuta mchirizi uliokauka, unakwaruza kama chokaa, pampu imekuambia yenyewe. Mkanda ukiwa umetolewa, shika puli uitikise. Ikicheza, hiyo ni ya kubadilishwa, haina matengenezo.

Ndani ya gari nako usipasahau. Kuna rejeta ndogo ya hita nyuma ya dashibodi. Ikivuja, zulia la mbele linalowa, kioo kinafunga ukungu wa mafuta usiofutika vizuri, na unasikia harufu tamutamu. Maji ya AC pia huweza kulowesha zulia, ila yale ni maji matupu, hayatelezi vidoleni. Usionje. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ina ladha tamu na ni sumu inayoua. Naomba sana wanaoihifadhi kwenye chupa za soda nyumbani kwenye watoto waache leo.

Halafu kuna kitu cha bei ndogo ambacho kinasahaulika kuliko vyote: mfuniko wa rejeta. Kazi yake ni kutunza presha. Maji ya wazi huchemka nyuzi 100 Dar es Salaam, na Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu nyuzi 95. Injini inafanya kazi karibu kabisa na hapo. Mfuniko mzima wenye alama ya 1.1 unashikilia presha ya takribani kilo 1.1 kwa kila sentimita ya mraba, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Spirigi ikichoka au mpira wake ukikakamaa, presha hiyo haipo, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka mapema. Mfuniko mbovu peke yake unaweza kueleza dalili zako mbili kwa pamoja: unachemsha milimani, na unapoteza maji barabarani kupitia chupa, ambako huwezi kuyaona.

Mfuniko huo una vali ya pili, ndogo, katikati. Injini ikipoa, maji husinyaa na kuvuta yale ya kwenye chupa yarudi kwenye rejeta. Vali hiyo ikifa, au kampira ka kwenda kwenye chupa kakipasuka, chupa inaonekana imejaa huku rejeta ina njaa. Ndiyo maana kuangalia chupa hakutoshi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua rejeta yenyewe. Maji yanatakiwa yawe hadi shingoni. Ikiwa baridi kabisa, narudia. Kuna watu wana makovu ya usoni mpaka leo kwa kufungua mfuniko wa moto: presha inaachiliwa ghafla, na maji yaliyozidi nyuzi 100 yanageuka mvuke papo hapo.

Nije kwa fundi wa kwanza. Kauli ya "thamostati ni ya nchi za baridi" nimeisikia kila kona, na watu wanaoisema si wajinga. Wameona gari lililokuwa linachemsha kwa sababu thamostati imeganda ikiwa imefunga, wakaitoa, likapona. Tatizo wakafanya ubovu wa kipuri kimoja kuwa sheria ya magari yote.

Kwenye injini yako thamostati imekaa kwenye mlango ambao maji ya kutoka rejeta yanaingilia. Ndani yake kuna nta inayovimba kwa joto. Inaanza kufungua kati ya nyuzi 80 na 84. Hapo inafanya kazi mbili kwa pamoja: inafungua njia ya rejeta, na kwa upande wa pili inaziba njia ya mkato, ile ambayo maji hupita kurudi kwenye pampu bila kwenda kupoa, wakati injini bado inapata moto. Ukiitoa, njia ya rejeta iko wazi muda wote, sawa, lakini na njia ya mkato iko wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Dar hutaona kitu, kwa sababu injini haifanyi kazi kubwa. Kitonga, pale kila lita inahitajika ipite rejeta, utaona. Umesema mwenyewe tatizo limezidi tangu itolewe, na mimi nakuamini.

Na hata usipopanda mlima, injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake. Kompyuta inadhani bado ni asubuhi na kuongeza petroli, oili inabaki na unyevu, na huenda taa ya injini ikawaka kwa msimbo wa hitilafu P0128, yaani injini haifikii joto lake. Rudisha thamostati, mpya na ya injini hiyo hasa. Kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto uone inafunguka. Namba ya nyuzi huwa imegongwa kwenye chuma chake. Ina kapini kadogo kanakochezacheza ka kutolea hewa, hako kakae juu. Baada ya hapo mfumo utolewe hewa vizuri, injini ikiunguruma na hita ikiwa kwenye moto, mpaka vipovu viishe.

Kwa nini Kitonga hasa? Wanaoijua barabara ile watanielewa. Unatoka Ruaha Mbuyuni, bondeni, kwenye mibuyu na wauza vitunguu, joto kali. Ghafla unaanza kupanda, kona juu ya kona, nyuma ya lori lenye mzigo linalotambaa. Injini inafanya kazi kubwa kuliko mahali popote kwenye safari hiyo, na upepo wa mwendo haupo. Ukiwa na AC, kuna rejeta ya AC iliyokaa mbele ya rejeta ya maji na kuipulizia hewa ambayo tayari ni ya moto, na kompresa nayo inakula nguvu. Ndiyo sababu kuizima kunakupa nafuu. Gia otomatiki pia hupoza oili yake ndani ya rejeta hiyohiyo, kwa hiyo rejeta inabeba mizigo mitatu.

Kwa kuwa foleni za Dar hazikusumbui, siishuku sana feni. Gari lenye feni mbovu huchemka likisimama na kupoa likikimbia. Lako ni kinyume, linalemewa na kazi nzito, na hilo linaelekeza kwenye maji machache, presha isiyotunzwa, thamostati iliyotolewa, au rejeta iliyoziba. Kuziba kwenyewe ni kwa aina mbili. Nje, kati ya rejeta ya AC na ya maji, hujazana wadudu, vumbi na majani, na usipopachungulia kwa tochi kutoka juu hupaoni. Panaoshwa kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili usilaze mapezi. Ndani, maji ya bomba na ya kisima hujenga magamba kwenye vijia vyembamba. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na chumvi na aluminiamu havikai pamoja.

Kuhusu gasketi: fundi wa pili anaweza kuwa sahihi. Gari lililowahi kuchemka mara kadhaa lina haki ya kushukiwa. Ninachokataa ni kufungua hedi kabla ya kupima, kwa sababu vipimo vipo na ni vya muda mfupi. Cha kwanza, na ndicho ninachokuomba usikubali kirukwe, ni kupima presha ya mfumo. Kuna pampu ya mkono yenye geji inayofungwa mahali pa mfuniko. Injini ikiwa baridi, fundi anapandisha presha mpaka ile iliyoandikwa kwenye mfuniko, asizidishe, kisha mnasubiri robo saa. Geji ikishuka, mnatafuta maji yanapotokea, na kwa presha hiyo yatatokea tu, bila moto wa kuyakausha. Mfuniko nao unapimwa kwa pampu hiyohiyo.

Geji ikishuka na nje hakuna unyevu popote, hapo gasketi inapanda daraja. Toeni plagi mwangalie ndani ya silinda kama kuna maji. Plagi iliyokuwa inaoshwa na mvuke huwa safi kuliko wenzake. Washeni injini baridi rejeta ikiwa wazi, na kama vipovu vinatoka mfululizo bila kukoma, ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Karakana nzuri zina kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya shingo ya rejeta, kikigeuka njano ni gesi ya moto imepita. Dalili nyingine ni injini kutetemeka asubuhi kwa sekunde chache kisha kutulia, moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, na mpira wa juu kuwa mgumu kama jiwe dakika mbili tatu tu baada ya kuwasha.

Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili kubwa, lakini tahadhari. Utando wa krimu chini ya kifuniko cha oili peke yake hautoshi kuhukumu, hasa kwako: injini isiyo na thamostati, yenye safari fupifupi, hutengeneza utando huo kwa unyevu wa kawaida tu. Angalia kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Na ukikuta uchafu wa pinki mzito ndani ya rejeta, huenda ni oili ya gia iliyopenya, si gasketi. Hapo usiendeshe hata kidogo, kwa sababu gia ndiyo itakayokufa.

Ikithibitika ni gasketi, basi fungueni, lakini hedi iende kupimwa unyoofu na nyufa. Kupinda kidogo kuliko unene wa karatasi kunatosha kuivujisha upya. Boliti zipimwe urefu au zibadilishwe, zikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, na kwa mpangilio wa Toyota. Fundi akikwambia atakaza kwa uzoefu wa mkono, mtafute mwingine. Kazi hii ikifanywa nusunusu utairudia kabla ya mwaka.

Dawa ya kuziba matundu sikushauri. Haijui tofauti kati ya tundu la kuvuja na kijia chembamba cha rejeta, na wewe tayari tunashuku rejeta yako. Ningeielewa kwa mtu aliyekwama porini anayetaka kufika mjini, akijua atasafisha mfumo mzima baadaye.

Maji ya bomba kwa dharura ni sahihi, usiache gari liungue kwa kukosa kulanti. Na kwa haki, maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko kulanti. Lakini hayazuii kutu, hayalindi sili ya pampu, na huchemka mapema. Tatizo likishapatikana, safisha mfumo, jaza kulanti ya Toyota iliyochanganywa tayari, au ile nzito kwa maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu. Rangi isikupe uhakika, soma maandishi kwenye galoni. Watengenezaji hawana makubaliano ya rangi.

Likikuanza tena mlimani: zima AC, washa hita kwenye moto wa mwisho na feni yake yote, hata kama mtalowa jasho, maana ile ni rejeta ya ziada. Shusha gia, usikanyage sana. Ukipata nafasi salama nje ya barabara, si kwenye kona, simama uweke vibao. Kama hakuna mvuke wala maji hayamwagiki, acha injini iungurume kidogo ili pampu na feni ziendelee kutoa joto. Ukiona mvuke, au mshale umefika juu kabisa, zima mara moja. Usimwagie injini ya moto maji ya baridi, hedi inaweza kupasuka. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu ushikike bila kukuunguza, ndipo ufungue kwa kitambaa, taratibu.

Na safari ya mwisho wa mwezi? Kwa hali ya sasa, hapana, hasa na familia. Mjini unaweza kulitumia kwa siku hizi chache, ukijaza rejeta na chupa kila asubuhi ukiwa umeandika kiasi ulichoongeza. Ikizidi nusu lita kwa siku, au ukiona moshi mweupe, mtetemo wa asubuhi, au oili imebadilika, liegeshe na umwite fundi alifuate hapo lilipo. Vinginevyo wiki hii nenda karakana yenye pampu ya presha, ubadilishe mfuniko, urudishe thamostati, na rejeta ioshwe nje. Presha ikisimama robo saa nzima bila kushuka na vipovu havipo, fanya kwanza safari ya Morogoro peke yako, rudi, acha gari lipoe usiku kucha, ufungue rejeta asubuhi. Maji yakiwa bado shingoni, Iringa nenda. Yakiwa yamepungua, panda basi, gari libaki kwa fundi na hiyo namba uliyoandika.